Wokovu Usio na Tarehe

Katika makanisa mengi kuna swali ambalo mgeni huulizwa mapema, wakati mwingine hata kabla watu hawajalizoea jina lake: uliokoka lini? Anayeulizwa hutarajiwa kutaja siku, mahali, na ikiwezekana mahubiri yaliyokuwa yakiendelea alipoinua mkono. Mimi sina jibu la namna hiyo. Nilizaliwa katika nyumba ya waumini, nikabatizwa kabla ya kujua maana ya maji yale, nikakariri Sala ya Bwana na Amri Kumi nikiwa bado sijui kusoma sawasawa, na nilipofikia umri wa kujiamulia mambo nikaisali sala ya toba mara nyingi mno, kwa kuwa kila mhubiri aliyewaita watu mbele alinitia hofu kwamba ile ya mwanzo huenda haikupokelewa. Nadhani hakuna aliyekabidhi maisha yake kwa Yesu mara nyingi kama kijana aliyelelewa kanisani.

Hata hivyo naamini nimegeuzwa. Nasema hivyo kwa tahadhari, kwa sababu mtu si shahidi mzuri wa hali ya moyo wake mwenyewe, lakini yako mambo kadhaa ndani yangu ambayo nayajua yalivyokuwa na nayaona yalivyo, na siwezi kuyaeleza kwa kutaja umri wala busara ya kawaida inayokuja na miaka. Badiliko hilo lilikuja polepole, bila siku ya kuadhimisha, na kwa njia ambayo sikufundishwa kuitazamia. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaokaa kimya wakati wa shuhuda kwa kuona kwamba hawana habari ya kusimulia.

Sitaki kuwadharau wenye tarehe. Sauli wa Tarso, aliyekuja kuitwa mtume Paulo, alikuwa nayo, na kitabu cha Matendo ya Mitume kinaisimulia habari yake mara tatu, katika sura ya 9, ya 22 na ya 26, kana kwamba mwandishi hakutaka msomaji aipite kwa haraka. Mwanga ukamwangaza njiani akielekea Dameski, akaanguka chini, akasikia sauti, akakaa siku tatu bila kuona, bila kula wala kunywa. Lakini tunaposimulia habari hiyo huwa tunaishia pale magamba yalipoanguka machoni pake, ilhali Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, anaendelea: alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na ilikuwa baada ya miaka mitatu ndipo alipopanda kwenda Yerusalemu kuonana na Kefa, yaani Petro. Kisha anataja miaka mingine kumi na minne kabla ya safari nyingine ya Yerusalemu iliyokuwa na uzito. Hatuambiwi mengi kuhusu alichokuwa akifanya Arabuni. Tunaambiwa tu kwamba mtu aliyeona mwanga mkali kuliko jua alihitaji miaka, na kwamba alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, wasiamini kuwa yeye naye ni mwanafunzi, hadi Barnaba alipomshika mkono na kumpeleka kwa mitume.

Mtu ambaye habari yake inanikaa zaidi moyoni ni Nikodemo, Farisayo aliyemwendea Yesu usiku. Yesu alimwambia yeye, na si mwingine, yale maneno ambayo yamekuwa kipimo cha kila mkutano wa injili: “Mtu asipozaliwa mara ya pili, hawezi kuuona ufalme wa Mungu.” Ajabu ni kwamba Injili ya Yohana haituambii kama Nikodemo alizaliwa mara ya pili usiku ule. Mazungumzo yao katika sura ya tatu yanaendelea, sauti ya Nikodemo inapotea katikati, na msomaji anaachwa bila kujua kama mtu huyo aliondoka akiwa ameamini au amechanganyikiwa. Hakuna sala inayotajwa. Hakuna mkono ulioinuliwa.

Kisha, katika sura ya saba, anatokea tena. Wakuu wa makuhani na Mafarisayo wamekasirika kwa kuwa walinzi waliotumwa kumkamata Yesu wamerudi mikono mitupu, na Nikodemo, aliye mmoja wao, anauliza swali la kisheria lenye adabu nyingi: je, torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza? Hasemi kwamba anamwamini. Anasema tu neno la haki mahali ambapo neno hilo lina gharama, na wenzake wanamjibu kwa kejeli wakimuuliza kama naye ametoka Galilaya. Mara ya tatu na ya mwisho tunamkuta katika sura ya kumi na tisa. Yesu amekwisha kufa, wanafunzi waliojitapa kwamba watamfuata hadi mauti hawaonekani kaburini, na mtu yule wa usiku anakuja akiwa amebeba mchanganyiko wa manemane na udi, yapata ratli mia, kiasi ambacho kingefaa maziko ya mfalme. Anaugusa mwili wa mtu aliyesulubiwa kama mhalifu, jambo lililomtia unajisi katika siku ya maandalio na kumweka upande wa aliyeshindwa.

Nikodemo alizaliwa mara ya pili lini? Usiku ule, barazani, au kaburini? Sidhani Yohana alisahau kutuambia. Yesu mwenyewe alikuwa amemweleza kwamba upepo huvuma upendako, nawe sauti yake waisikia, lakini hujui unakotoka wala unakokwenda, “kadhalika na hali yake kila mtu aliyezaliwa kwa Roho.” Katika maneno hayo kuzaliwa ni kazi ya Roho, na mtu mwenyewe hapewi ramani yake. Anachoweza kuonyesha ni manemane.

Yuko pia kipofu wa Bethsaida katika sura ya nane ya Marko, ambaye Yesu alimwekea mikono mara mbili. Baada ya mara ya kwanza alisema, “Naona watu kama miti, inakwenda.” Huo ndio muujiza pekee katika Injili ambao uponyaji wake unasimuliwa kwa hatua, na hakuna mahali tunaposoma kwamba Yesu alimlaumu mtu huyo kwa kuona nusunusu. Aliweka mikono tena.

Kwangu mimi, ukungu ulianza kuondoka wakati baba yangu alipougua ugonjwa ambao tuliambiwa mapema kwamba hautapona. Nilikuwa mtu wa maombi marefu. Niliweza kuomba mbele za watu kwa maneno yaliyopangika, nikanukuu ahadi za Maandiko moja baada ya nyingine, na watu wakaitikia amina kwa nguvu. Nilipokaa peke yangu kando ya kitanda chake maneno hayo yote yalinikimbia. Nilijaribu kudai uponyaji kama nilivyofundishwa, lakini nilisikia sauti yangu mwenyewe ikizungumza na ukuta. Katika kipindi hicho mama mmoja mzee wa kanisani, mjane aliyewahi kuzika watoto, alikuja kumwona baba, akaniangalia, akasema, “Mwanangu, maneno yako yakikwisha, tumia ya wenzako.” Akanifungulia Zaburi.

Nilikuwa nimezisoma Zaburi kabla ya hapo, lakini kwa kuchagua: ya 23 kwa faraja, ya 91 kwa ulinzi, ya 121 kwa safari. Yule mama alinishauri nizisome zote kwa mfululizo, tano kila siku, ili zote 150 ziishe ndani ya siku 30, kisha nianze upya. Mtu anayesoma hivyo hana uhuru wa kuruka. Asubuhi moja anakuta sifa wakati moyo wake umejaa huzuni, na siku nyingine analazimika kulia na mtu anayelia wakati yeye mwenyewe ana furaha. Anakutana na Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kumalizika gizani bila ule mgeuko wa mwisho kuelekea sifa ambao zaburi nyingine za maombolezo huwa nao. Niliposoma zaburi hiyo kwa sauti ya chini katika chumba cha wagonjwa, nilitambua kwa mara ya kwanza kwamba watu wa Mungu walikuwa wamepewa ruhusa ya kusema maneno haya mbele zake, na kwamba ruhusa hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya Maandiko yenyewe. Sikuwa nalazimika kumfanyia Mungu maonyesho ya imani.

Baba alifariki. Hakuna muujiza nilioshuhudia, na sipendi kumaliza habari hiyo kwa namna inayofanya kifo chake kionekane kuwa bei halali ya somo langu la kiroho. Ninachosema ni kwamba tangu kipindi kile maombi yangu yalibadilika hali yake. Yakawa mafupi. Yakaacha kuwa hotuba. Nikaanza kukaa kimya mbele za Mungu bila kuhofia kwamba kimya hicho ni ukosefu wa upako, na katika kimya hicho nikaanza kuyaona mambo yaliyokuwa ndani yangu siku zote na ambayo kelele za maombi yangu zilikuwa zimeyafunika. La kwanza kati ya hayo lilikuwa chuki.

Kabla sijaeleza chuki hiyo, nataka kumtaja mtu ambaye maisha yake yalinisaidia kuelewa kwa nini mtu anaweza kuwa ameamini kweli na bado akawa na chumba kizima ndani ya moyo ambacho nuru haijaingia. John Newton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1725, alikuwa baharia mwenye kinywa kichafu na dharau kwa mambo ya Mungu. Mwezi Machi mwaka 1748, meli aliyokuwamo ilipigwa na dhoruba kali katika Atlantiki ya Kaskazini, akamlilia Mungu amrehemu, na tangu hapo aliikumbuka siku hiyo kila mwaka kama siku ya kuokolewa kwake. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa, pamoja na wimbo mashuhuri wa neema alioutunga baadaye. Isiyosimuliwa sana ni kwamba baada ya dhoruba ile Newton aliendelea na biashara ya kusafirisha watumwa kutoka Afrika. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa katika safari tatu, na Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada huku chini ya sitaha wakiwamo watu waliofungwa minyororo. Aliacha ubaharia mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu dhamiri ilimshitaki. Akawekwa wakfu kuwa kasisi mwaka 1764. Ilikuwa mwaka 1788, yapata miaka arobaini baada ya dhoruba, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuilaani biashara hiyo hadharani, akikiri kwamba itamfedhehesha daima kukumbuka kuwa aliwahi kuwa chombo cha kazi ambayo sasa moyo wake uliichukia kwa kutetemeka. Alifariki Desemba 1807, mwaka uleule ambao bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuikomesha.

Nimewahi kusikia habari hiyo ikitumiwa kuthibitisha kwamba wokovu wa Newton ulikuwa wa uongo. Siwezi kukubali kirahisi, na siwezi pia kuisoma kwa utulivu, maana waliokuwa chini ya sitaha walikuwa Waafrika, nao hawakuwa na miaka arobaini ya kumsubiri nahodha wao akue kiroho. Newton mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakujihesabu kuwa muumini kwa maana kamili hadi muda mrefu baada ya dhoruba ile. Kwangu, maisha yake yana tisho zaidi kuliko faraja. Yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuomba kwa machozi ya kweli, akabadili lugha yake, akaacha ulevi, akasoma Biblia kila siku, na bado akashindwa kuona dhambi kubwa kuliko zote alizonazo, kwa sababu jamii yake inaiita kazi halali. Tangu nilipoisoma habari hiyo, swali linalonisumbua limekuwa juu ya kile ninachokiita halali leo, ambacho sina macho ya kukiona.

Chuki yangu nilikuwa nimeiita haki. Baada ya maziko ya baba, jamaa mmoja wa karibu ambaye familia ilikuwa imemwamini kwa mambo ya fedha alizitumia kwa njia ambayo hakuweza kuieleza, na tulipomuuliza akatugeukia kwa maneno mabaya. Sina shaka hadi leo kwamba alikosea. Lakini nilimbeba mtu huyo kila mahali. Nilijibizana naye kichwani nikiwa kazini, nikamshinda kwa hoja nikiwa naoga, na nilipoimba nyimbo za sifa Jumapili nilijikuta nikiangalia mlangoni kuona kama amethubutu kuja. Nilijua maneno ya Yesu katika sura ya tano ya Mathayo, “Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi,” na nilikuwa hata nimewahi kuyafundisha.

Yule mama mzee ndiye aliyeniuliza, baada ya kunisikiliza nikieleza kesi yangu kwa ufasaha, “Unamwombea?” Nilimjibu kwamba nimekwisha kumsamehe. Akasema hakuniuliza hilo. Kila tulipokutana baada ya hapo alirudia neno lilelile moja, bila hotuba yoyote.

Nilianza kumwombea kwa ubaridi mkubwa. Maombi yangu ya kwanza yalikuwa mashitaka yaliyovikwa joho la sala: nilimwomba Mungu amfungue macho aone ubaya wake, amnyenyekeze, amrudishe kwa aibu. Baadaye, kwa kuwa Zaburi hazikuniruhusu kuficha, nilizisema hasira zangu waziwazi kwa maneno ya Zaburi ya 109, ambayo imejaa laana, na nikaona haya kwa jinsi maneno hayo yalivyonitoka kwa ladha. Ndipo nikapunguza. Nikawa namtaja kwa jina tu, na kusema, “Bwana, mtendee mema,” bila kuhisi chochote. Hali hiyo ilidumu kwa muda mrefu sana, na laiti mtu angeniuliza wakati huo kama nimebadilika ningemjibu kwa uaminifu kwamba la. Kisha mtoto wake mmoja akaanguka mtihani muhimu, habari zikanifikia, na nikajikuta nikisikitika. Nilisikitika kabla ya kufikiria kama napaswa kusikitika. Nililala usiku ule nikishangaa, kwa sababu najua kabisa kwamba mtu yule niliyekuwa awali angefurahi, kisha angejilaumu kwa kufurahi, kisha angeomba msamaha kwa kanuni. Kitu kilikuwa kimefanywa ndani yangu nisikokuwa nakitazama.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu mafundisho ya msamaha yamewaumiza wengi. Kumsamehe jamaa huyo hakukuwa na maana ya kumrudishia hesabu za familia, na hatukumrudishia. Hakukuwa na maana ya kusema kwamba halikutokea lolote. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini kabla ya kujitambulisha kwao aliwapima, akataka kujua kama wangemtenda Benyamini kama walivyomtenda yeye. Kuna wachungaji wanaowaharakisha waliodhulumiwa wapatane na wenye kudhulumu kabla toba haijaonekana, na sidhani kwamba wanaitumikia injili wanapofanya hivyo. Nilichopewa mimi ni kuondolewa kwa mzigo wa kumtakia mabaya. Kupatana kamili kunahitaji watu wawili.

Mtume Paulo ana maneno kwa Wafilipi ambayo kwa miaka mingi nilidhani yanajipinga: “utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu.” Ikiwa Mungu ndiye atendaye, nitimize nini? Na ikiwa ni mimi nitimizaye, Mungu anatenda wapi? Wanatheolojia hulijibu swali hilo kwa kutofautisha kuhesabiwa haki, ambako Mungu anampokea mwenye dhambi kwa ajili ya Kristo, na utakaso, ambao ni kazi ya Roho ya kumfananisha mtu huyo na Kristo katika maisha yake yote, na tofauti hiyo ina faida kubwa kwa mtu anayeteswa na hofu kama mimi nilivyoteswa. Lakini nililielewa kwa kuishi. Kumtaja yule jamaa kila asubuhi kulikuwa kazi yangu, kazi kavu isiyo na utamu. Kusikitika kwa ajili ya mtoto wake hakukuwa kazi yangu hata kidogo. Singeweza kujitengenezea huzuni ile kwa bidii yoyote. Lakini sidhani kama ingekuja bila zile asubuhi.

Kanisa la kwanza lilionekana kuyaelewa mambo haya vizuri kuliko sisi. Andiko la kale liitwalo Mapokeo ya Mitume linataja miaka mitatu ya mafundisho kwa wale wanaotaka kubatizwa, na linaagiza kwamba wakati wa kubatizwa unapokaribia wachunguzwe maisha yao: je, wamewaheshimu wajane, wamewatembelea wagonjwa, wametenda mema? Andiko hilo pia linakubali kwamba mtu mwenye bidii anaweza kupokelewa mapema, kwa kuwa kinachohukumiwa ni mwenendo na si muda. Martin Luther naye, mwanamatengenezo wa kanisa huko Ujerumani, katika hoja ya kwanza ya zile 95 alizotoa mwaka 1517, alisema kwamba Bwana wetu aliposema tubuni alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Huko ni mbali na desturi yetu ya kuhesabu mikono iliyoinuliwa na kutangaza idadi kabla ya kufunga ibada.

Augustino, mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, ni mfano mwingine wa mtu mwenye tarehe ambaye hakuridhika nayo. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika nchi tunayoiita Algeria leo, akatangatanga kwa miaka katika mafundisho ya Wamani, wafuasi wa dini ya Mani iliyofundisha vita vya nuru na giza, na mwaka 386 akiwa katika bustani huko Milano akasikia sauti kama ya mtoto ikisema chukua usome. Akafungua waraka kwa Warumi, akasoma agizo la kumvaa Bwana Yesu Kristo, na mashaka yake yakatoweka. Ambrosi, askofu wa Milano, akambatiza Pasaka ya mwaka 387. Wengi huishia hapo. Lakini alipoandika maungamo yake, yapata miaka kumi baadaye akiwa tayari askofu, alitenga sehemu ndefu kueleza majaribu yaliyokuwa bado yanamwandama: kumbukumbu zinazomjia ndotoni, ulaji, udadisi usio na faida, na zaidi ya yote kupenda sifa. Anasema hawezi kujua kama ameacha kupenda sifa, kwa sababu hata kuidharau sifa kunaweza kumletea mtu sifa. Nilipoisoma sehemu hiyo nilihisi kama mtu amefungua dirisha la chumba changu bila kubisha hodi. Mtu anayeandika juu ya mabadiliko yake ya kiroho ili wengine wasome hawezi kuipita sehemu hiyo akiwa mzima.

Ndiyo maana ninawaamini zaidi mashahidi wa nje. Zakayo hakusema alivyojisikia. Alisimama akasema, “nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne,” na Yesu akajibu kwamba leo wokovu umefika nyumbani humo. Katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, waliookoka walijulikana kwa kuungama hadharani na kurudisha vitu walivyoiba, hata vile ambavyo mwenyewe alikwisha kuvisahau. Watu waliwacheka, na wapo walioona ungamo lile limepita kiasi, lakini aliyerudishiwa jembe lake hakuhitaji kuuliza tarehe.

Kwangu mashahidi ni watu wa nyumbani. Ulimi wangu ulikuwa mkali, si wa matusi, bali wa maneno machache yaliyochaguliwa kumwumiza mtu mahali anapouma. Niliwahi kuliita jambo hilo kusema ukweli. Sikuwahi kufunga wala kukesha kwa ajili ya ulimi huo. Nilikuwa nikishughulika na yule jamaa na maombi yangu makavu. Ni mwenzi wangu aliyeniambia siku moja, bila kunisifu, kwamba watoto wameacha kunyamaza ninapoingia sebuleni. Sikuwa nimejua kwamba walikuwa wakinyamaza.

Nikizipitia orodha za Paulo kwa Wagalatia, ile ya matendo ya mwili na ile ya tunda la Roho, naona sehemu ambazo Mungu amefanya kazi inayoonekana na sehemu ambazo naweza kusema kwa haki kwamba bado. Wivu ni mojawapo. Kuna mtu tunayefanya naye kazi ya aina moja, aliyeanza nyuma yangu na sasa yuko mbele, mtu mwema ambaye hajawahi kunikosea lolote, na kila anapofanikiwa kitu ndani yangu hujikunja. Nimelieleza jambo hilo kwa yule mama mzee, ambaye sasa anasikia kwa shida, na nililazimika kulisema mara mbili kwa sauti kubwa kuliko nilivyopenda. Aliniuliza swali lake. Nimeanza kumwombea mtu huyo kwa jina kila asubuhi, baada ya Zaburi, na mpaka ninapoandika haya sioni tofauti yoyote.